Lugha ya Kumfundishia Mwalimu: Kiswahili katika Vyuo vya Ualimu Tanzania



1.0 Utangulizi

Historia ya Kiswahili sanifu imekwisha kuandikwa mara nyingi, na kwa kawaida huandikwa kwa kutazama kamati na kamusi. Tunasoma juu ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulioichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji. Juu ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi Januari 1930. Juu ya BAKITA, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967. Na juu ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981. Mambo hayo yanastahili nafasi yake. Hata hivyo, kamati hupendekeza neno na kamusi huliorodhesha. Anayemfikishia neno hilo mtoto wa miaka saba aliyeketi darasani kijijini ni mwalimu, na mwalimu naye alilipata chuoni.

Mhadhara huu unakusudia kuitazama historia hiyo kutoka mlango wa chuo cha ualimu. Hoja yangu ni kwamba vyuo vya ualimu vya ngazi ya cheti vilifanya kazi ambayo taasisi chache sana za nchi yetu zimewahi kuifanya: vilifundisha, vikaandika na kutahini taaluma nzima ya kitaalamu kwa Kiswahili. Urithi huo umo hatarini, na hatari yenyewe imekuja kwa sura ya heri, yaani kwa sura ya kupandishwa daraja kwa mwalimu.

2.0 Maneno ya Chuoni na Asili Yake

Tuanze na msamiati wenyewe, kwani maneno huhifadhi historia ambayo nyaraka huisahau. Neno mwalimu limetokana na Kiarabu, na kwa karne nyingi pwani ya Afrika Mashariki lilimtaja anayesomesha Kurani. Chuo katika Kiswahili cha kale ni kitabu. Kisha kikawa mahali vitabu vinaposomwa, na mtoto wa pwani aliyekwenda chuoni alikwenda kwa mwalimu wake wa Kurani. Shule ilikuja na Wajerumani, ilhali skuli ya Unguja na Pemba ilitoka kwa Waingereza. Kwa hiyo mtu anaposema "mwalimu wa shule aliyehitimu chuoni", katika maneno manne au matano amepita katika tabaka kadhaa za historia yetu.

Neno mkufunzi linafunza zaidi. Katika kamusi za zamani lilibeba pia maana ya mwanagenzi, mtu ambaye bado anajifunza kazi. Leo nchini Tanzania mkufunzi ni yule anayewafundisha walimu watarajiwa. Mzizi wake ni ule ule wa funda, kitenzi kinachotumika mpaka leo kwa malezi ya mwari anayefundwa unyagoni na kungwi wake. Kutokana na mzizi huo tumepata funza, fundisha na jifunza. Tuangalie muundo wa hilo la mwisho: kiambishi rejeshi ji- kinamfanya mtenda kuwa pia mtendwa. Katika Kiswahili, kujifunza ni kujipa mafunzo mwenyewe. Wataalamu waliokuja baadaye kuhubiri mbinu shirikishi walikuta lugha imekwisha kulisema jambo hilo.

3.0 Kutoka Kiungani hadi Cheti cha Mkoloni

Mafunzo ya ualimu kwa mtindo wa kisasa yalianza kwa Kiswahili mapema. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyohamia Unguja mwaka 1864, ilianzisha chuo Kiungani kwa vijana wa kiume waliokombolewa utumwani. Baadhi yao walitayarishwa kuwa walimu na makasisi wa bara. Mbweni nako wasichana walifundishwa, na miongoni mwao wakatoka walimu wa kike. Edward Steere alichapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, na kiwanda cha uchapaji cha misheni kikatoa vitabu vya kusomea. Tangu hapo mwalimu, kitabu na lahaja ya Kiunguja vilisafiri pamoja.

Serikali ya Kijerumani iliiendeleza hali hiyo. Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa katika miaka ya 1890, ilitoa makarani na walimu, na walimu hao walitumwa kwenye shule za ndani wakiwa na Kiswahili mkononi. Utawala wa Waingereza ulipoingia, ulikuta chombo kimekwisha kuundwa. Kuanzia 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilichapisha gazeti la Mambo Leo, nalo likawa miongoni mwa maandishi yaliyomfikia mwalimu wa shule ya kijijini.

Ila Waingereza walileta jambo moja ambalo athari yake haijakwisha. Waliwagawa walimu kwa madaraja, na madaraja yakaenda sambamba na lugha. Mwalimu wa madarasa ya chini alitayarishwa kufundisha kwa Kiswahili. Yule wa madarasa ya juu alitayarishwa kufundisha kwa Kiingereza, na mshahara wake ulikuwa mkubwa zaidi. Hapo ndipo ilipozaliwa dhana kwamba kupanda katika ualimu ni kuhama lugha.

4.0 Miaka Kumi ya Mageuzi, 1967–1977

Azimio la Arusha lilipitishwa Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule yote ya msingi. Kwa wanasiasa lilikuwa tamko. Kwa vyuo vya ualimu lilikuwa kazi. Walimu wa darasa la tano hadi la saba walikuwa wamefundishwa hisabati na sayansi kwa Kiingereza, na sasa walitakiwa kuzifundisha kwa Kiswahili.

Istilahi zilibuniwa, na vyuo vikazipokea. Mtanzania yeyote aliyepita shule ya msingi anajua kigawe na kigawo, mzingo na eneo, pembetatu na pembenne. Anakumbuka pia vifupisho KDS na KKS, yaani kigawe kidogo cha shirika na kigawo kikubwa cha shirika. Maneno hayo hayakuenea kwa sababu yaliorodheshwa. Yalienea kwa sababu wanachuo waliyasoma, wakayatahiniwa, wakayaandika ubaoni wakati wa mazoezi ya kufundisha, kisha wakayapeleka Kigoma, Mtwara na Mara. Mwanaisimu anayetafuta sababu ya istilahi moja kuishi na nyingine kufa angefanya vyema kuuliza kwanza ipi iliingia katika mtihani wa ualimu.

Novemba 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ameandikishwa ifikapo mwaka 1977. Vyuo vilivyokuwapo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka madarasani, na kuwafundisha ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa usimamizi wa waratibu, kabla ya kuwaita chuoni kwa muda mfupi. Hao ndio walioitwa walimu wa UPE, na walikuwa makumi ya maelfu.

Mengi yamesemwa juu ya udhaifu wa mpango huo, na mengine ni ya haki: kijana mwenye elimu ya msingi peke yake alibebeshwa mzigo mzito. Lakini tukiupima kwa jicho la isimu tunaona jambo jingine. Mpango huo usingewezekana kabisa kwa Kiingereza. Uliwezekana kwa sababu saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundishia na upimaji wa maendeleo ya wanafunzi vilikuwa vimekwisha kupata maandishi ya Kiswahili ambayo kijana huyo aliweza kuyasoma peke yake usiku, kwa mwanga wa koroboi.

5.0 Sarufi ya Andalio la Somo

Vyuo havikutoa istilahi peke yake. Vilitoa pia tanzu za maandishi. Azimio la kazi, andalio la somo na shajara la somo ni maandishi yenye mpangilio, mtindo na sarufi yake.

Tuchukue andalio la somo. Lengo mahsusi huandikwa kwa kiunzi kinachojulikana nchi nzima: "Mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kutaja..." Kitenzi aweze kimo katika hali tegemezi yenye kiishio -e, hali ambayo katika mazungumzo ya kawaida hueleza takwa, ombi au amri. Hapa imepewa kazi mpya: inaeleza matokeo ambayo mwalimu atadaiwa. Baada yake huja kitenzi kinachotaja tendo la kuonekana, kama vile kutaja, kuchora, kupanga, kulinganisha. Mkufunzi humkataza mwanachuo asiandike kujua au kuelewa, kwani ujuzi wa ndani haupimiki kwa macho. Katika kanuni hiyo ndogo imo nadharia nzima ya upimaji, nayo imeelezwa kwa Kiswahili safi.

Vivyo hivyo kwa tungo "zana za kufundishia na kujifunzia". Kauli ya kutendea imeleta maana ya chombo, na vitenzi viwili vimewaweka mwalimu na mwanafunzi bega kwa bega mbele ya zana ile ile. Taaluma inayoweza kusema hivyo haina upungufu wa lugha.

6.0 Walimu wa Watoto Wadogo

Mahali ambapo suala hili ni nyeti kuliko pote ni katika elimu ya watoto wadogo. Hata majina ya shule zao yanasimulia: zamani tulisema shule za vidudu, baadaye chekechea, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, iliyoiingiza ngazi hiyo katika mfumo rasmi, ikaleta elimu ya awali. Kutoka vidudu hadi awali mtoto amepanda hadhi, kutoka mdudu hadi mwanafunzi.

Pwani ilikuwa imekwisha kutangulia. Mwaka 1986 ulianzishwa Mombasa mpango wa elimu ya awali ya madrasa, kwa ufadhili wa Mfuko wa Aga Khan na kwa juhudi za Bi. Swafiya Said. Mwaka 1990 ukafika Unguja na mwaka 1993 Kampala. Wanawake wa mtaani walifundishwa kuwa walimu wa watoto wa mtaa huo huo, wakatumia vifaa vya mazingira yao, na wakaunganisha mafunzo ya dini na michezo na masimulizi. Somo tunalolipata hapo ni kwamba mwalimu wa mtoto mdogo hutayarishwa vyema katika lugha atakayomsemesha mtoto.

Nitoe mfano mmoja kutoka katika isimu. Kiswahili kina silabi wazi na tahajia inayofuata matamshi kwa karibu sana, kinyume cha Kiingereza. Sehemu kubwa ya vitabu vya Kiingereza juu ya kufundisha kusoma inapambana na tahajia isiyolingana na matamshi, shida ambayo mtoto wetu hana. Yeye ana shida zake. Neno mbuzi lina silabi mbili, mbu-zi. Neno mbunge lina silabi tatu, m-bu-nge. Herufi tatu za mwanzo ni zile zile, lakini katika mbunge m ni kiambishi cha ngeli na ni silabi kamili, ilhali katika mbuzi imeungana na konsonanti inayofuata. Mwalimu asiyelijua jambo hili atamsahihisha mtoto aliyepatia. Maarifa hayo hayatapatikana katika kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa London. Yanapatikana pale ualimu unapofundishwa kwa lugha ya darasa.

7.0 Mpaka wa 1995

Sera hiyo hiyo ya 1995 iliweka mpaka ulio wazi: mafunzo ya ualimu ngazi ya cheti yatolewe kwa Kiswahili, na ya stashahada kwa Kiingereza. Kwa wakati ule mpaka ulikuwa na mantiki yake, kwani mwalimu wa cheti alikwenda shule ya msingi na wa stashahada sekondari.

Lakini hitaji la walimu wenye elimu ya juu zaidi limekua katika ngazi zote, na hilo ni jema. Katika karne hii vyuo vikuu kadhaa nchini vimeanzisha shahada za elimu ya awali, nazo hufundishwa kwa Kiingereza. Basi tunamwona mhitimu aliyesoma kwa Kiingereza juu ya makuzi ya mtoto, kisha akasimama mbele ya watoto wa miaka mitano wasiojua neno moja la Kiingereza. Kazi ya kutafsiri taaluma yake imeachwa mabegani mwake peke yake, bila istilahi na bila kitabu. Dhana ya kikoloni kwamba kupanda ni kuhama lugha imerudi, safari hii bila mkoloni.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakijawa tayari kwa ngazi hizo. Historia haiwaungi mkono. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, imekuwa ikifundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili hadi shahada za juu. Tume ya Makweta, katika ripoti yake ya mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari kuanzia 1985 na hatimaye chuo kikuu, serikali haikuitekeleza. Sera ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote za elimu, huku ikiacha pia nafasi ya Kiingereza. Matamko yapo. Kilichokosekana ni kazi ya aina ile iliyofanywa vyuoni baada ya 1967.

8.0 Hitimisho

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, miongozo, mihtasari na mitihani ya zamani ya vyuo vya ualimu ikusanywe na kuhifadhiwa kabla mchwa hawajaimaliza, kwani ni hazina ya istilahi na ni chanzo cha historia. Pili, kozi za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa walimu wa elimu ya awali na msingi zitolewe kwa Kiswahili katika kila ngazi, ikiwamo shahada. Tatu, wanafunzi wetu wa isimu wapeleke tafiti zao katika lugha ya ualimu, uwanja ambao mpaka sasa tumewaachia wataalamu wa elimu peke yao.

Mwalimu wa UPE aliyesoma kwa koroboi alikuwa na elimu ndogo, lakini alipewa taaluma yake katika lugha aliyoweza kuitumia kesho yake asubuhi. Mwalimu wa leo ana elimu kubwa zaidi. Tusimnyime kile ambacho mwenzake alikipata.