Mshahara wa Watu wa Reli na Daftari la Duka: Kumbukumbu ya Mazinde



Kila Diwali, sisi wafanyabiashara wenye asili ya Gujarati hufungua madaftari mapya ya hesabu na kuyaombea baraka katika ibada ya Chopda Pujan. Madaftari ya zamani hatuyatupi. Katika familia yetu yamesalia machache ya duka la babu yetu huko Mazinde, chini ya milima ya Usambara, yenye majalada ya kitambaa chekundu na mwandiko wa Kigujarati. Tulipoombwa makala ya historia kwa ajili ya kitabu hiki cha kumbukumbu, tuliona vyema tueleze yanayosomeka humo juu ya watu wa reli: jinsi walivyolipwa, na mshahara wao ulifika tarehe ngapi ya mwezi kabla ya kwisha.

Mazinde palikuwa mahali pa biashara hata kabla ya reli. Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, aliweka makao yake hapo ili awe karibu na njia ya misafara. Kisha Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902 na Mombo 1905, ikapita Mazinde kwenda Buiko mwaka 1909, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Mashamba ya mkonge yakaenea kandokando yake. Palipo na mshahara hufunguliwa duka, na ndivyo wazee wetu walivyofika.

Wateja wa babu walikuwa wa namna mbili. Mfanyakazi wa mkonge alilipwa akimaliza kipande, yaani siku 30 za kazi zilizotiwa alama katika kadi, hata kama zilichukua zaidi ya mwezi mmoja. Mtu wa reli alilipwa kwa mwezi, kwa hiyo aliaminiwa zaidi. Lakini watu wa reli wenyewe hawakuwa sawa. Kwa miaka mingi udereva wa magarimoshi makubwa ulishikwa na Wazungu na Waasia, na Mwafrika akawa mchochea moto, mtengeneza njia au mpakia mizigo. Wawili walisimama katika injini moja, wakapigwa na joto moja, lakini mwisho wa mwezi kila mmoja alikwenda na bahasha yake.

Tofauti hiyo ilikuwa imeandikwa katika kanuni. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali za Afrika Mashariki, ilipendekeza kwamba asiye Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile. Mahali ambapo Mzungu angepokea shilingi 1,000, mwenziwe angepokea 600. Reli nayo ilikuwa na ngazi zake za rangi. Tume ya Lidbury ilipendekeza mwaka 1954 kwamba kanuni hiyo iondolewe, lakini Waafrika wengi walikuwa bado katika madaraja ya chini kabisa. Jamii yetu ilikaa katikati ya ngazi: tulinung'unikia waliokuwa juu yetu, na mara chache tulitazama waliokuwa chini. Lakini dukani hapakuwa na sukari ya tatu ya tano. Unga, mafuta ya taa, chumvi na khanga viliuzwa kwa bei moja kwa wote.

Daftari linaonyesha jambo hilo waziwazi. Ukurasa wa dereva ulifungwa kila mwisho wa mwezi, deni limelipwa lote. Ukurasa wa mchochea moto haukufungwa kamwe: alilipa sehemu, akachukua tena unga siku ileile. Mshahara wake ulikwisha katikati ya mwezi, na siku zilizobaki aliishi kwa daftari letu. Wala tusijitoe katika hesabu hii. Faida ya duka ilikuwa sehemu ya ile gharama ya maisha iliyomlemea.

Mwezi Februari 1960 wafanyakazi Waafrika wa reli Tanganyika waligoma, wakiongozwa na chama chao, TRAU, ambacho katibu mkuu wake alikuwa Christopher Kasanga Tumbo. Walidai mishahara bora, na Waafrika wapewe nafasi za juu. Mgomo ulidumu zaidi ya miezi miwili. Babu alikuwa bado anadai madeni ya mgomo mrefu wa mkonge uliotokea papo hapo Mazinde mwishoni mwa 1958. Mwezi wa kwanza alikopesha. Mwezi wa pili alifunga kurasa za waliogoma, akaacha wazi ukurasa wa dereva wa Kihindi ambaye mshahara wake haukukatika.

Mke wa mchochea moto mmoja alikuja na kapu tupu, akasema, "Mzee, watoto hawajui mgomo." Babu alimpa vibaba viwili vya unga bila kuviandika, lakini ukurasa haukufunguliwa. Baba yetu, aliyekuwa kijana nyuma ya kaunta, alitusimulia habari hii kila Chopda Pujan. Mchochea moto yule alilipa deni lake lote kabla ya Diwali ya mwaka huo. Tangu hapo alinunua mahitaji yake duka jingine. Babu aliwahi kukiri kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi na uamuzi wake haukuwa sahihi.

Uhuru ulibadili mengi. Mwafrika akawa dereva kwa haki yake, na mwaka 1963 reli ya Tanga ikaunganishwa na Reli ya Kati kwa njia ya Mruazi hadi Ruvu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, likaundwa Shirika la Reli Tanzania. Kisha ikaja miaka ya dhiki, ambayo sisi wenyewe tunaikumbuka. Kima cha chini kilikuwa shilingi 340 mwaka 1974, shilingi 600 mwaka 1981, na shilingi 810 mwaka 1984. Nyongeza hiyo ya mwisho ni kama theluthi moja. Lakini mwaka huohuo ruzuku ya sembe iliondolewa, na bei yake ikapanda zaidi ya maradufu. Dereva alipata zaidi ya kima cha chini, ila naye alikula sembe ileile. Tuliona madereva, watu waliowahi kuheshimiwa kama walimu, wakilima mahindi kando ya reli ili wafikishe mwisho wa mwezi. Safari hii hata kurasa zao hazikufungwa.

Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya hisa za reli. Migomo ya mishahara ikafuata, na mwaka 2011 hisa zikarudi serikalini. Majirani wengine walituuliza sisi, kana kwamba tulikuwa wakurugenzi wake. Tulijibu kwamba hatuhusiki. Jibu lilikuwa la kweli, lakini aliyekumbuka mwaka 1960 asingeshangaa kwa nini tuliulizwa.

Desemba 2019 treni ya abiria ilipita tena kuelekea Moshi baada ya kimya cha miaka mingi. Tulisimama njiani na wajukuu wetu, tukampungia mkono dereva, naye akatupigia honi. Wajukuu walituuliza kama dereva wa treni ni tajiri. Tuliwaambia wasiulize analipwa shilingi ngapi. Waulize zinamfikisha tarehe ngapi.

Diwali ijayo tutafungua tena madaftari mapya. Tunawaomba vijana wetu wenye maduka na viwanda, wanapoomba baraka kwa Mama Lakshmi, wawakumbuke pia wale ambao majina yao yameandikwa upande wa deni, na wale wanaowalipa mishahara. Mungu aibariki jamii yetu, na awabariki majirani waliotuvumilia na kutupokea.