Mchezo Mmoja Katika Mifumo Mingi

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi vijana ambao bado mnaamshwa na kengele ya alfajiri,

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike jambo la historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu. Yamkini alitazamia habari za mabweni, au za timu yetu ya kandanda, au za walimu waliotutangulia mbele ya haki. Habari hizo zinao wenyewe wa kuzisimulia. Mimi nimechagua historia ya mchezo wa kompyuta, na msinicheke, kwani nina deni ninalotaka kulilipa kwa kuisimulia. Deni lenyewe nitalitaja kabla sijaweka kalamu chini.

Wa rika langu wataukumbuka mwembe uliokuwa nyuma ya jiko. Chini yake tulichimba safu 4 za mashimo, kila safu mashimo 8, na kete zetu zilikuwa komwe 64 alizotuletea mwenzetu mmoja kutoka pwani. Bweni la jirani walikuwa na bao la mti lililochongwa vizuri ajabu. Lakini mchezo ulikuwa ule ule. Aliyekuwa bingwa kwenye bao la mti alikuwa bingwa kwenye mashimo ya udongo, na aliyefungwa hakuweza kuusingizia udongo.

Katika mkutano wa mwaka jana kijana mmoja wa kidato cha tatu alinijia, akaniamkia, kisha akaniuliza: "Mzee, kwa nini laptopu ya kaka yangu inacheza mchezo wa kujenga himaya vizuri ikiwa kwenye Windows, lakini akiiwasha kwa Linux, laptopu ile ile, mchezo unasuasua? Na mchezo mwingine huwa kinyume chake?" Nilimwitikia marahaba, kisha nikakaa kimya, maana sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu langu kwake.

Tuanze na mfumo endeshi. Ndani ya laptopu mna prosesa inayokokotoa, kumbukumbu inayoshika kazi iliyo mkononi, diski ya kuhifadhia, na kifaa cha kuchora picha. Mchezo hauvigusi vifaa hivi wenyewe. Hupeleka maombi kwa mfumo endeshi, kama vile mwanafunzi asivyojiingilia stoo kuchukua jembe bali humwomba kiranja wa stoo. Sasa kila kiranja ana lugha yake. Mchezo ulioandikwa uombe kwa lugha ya Windows hausikilizwi na Linux wala na macOS, ingawa stoo ni ile ile na majembe ni yale yale.

Zamani kiranja huyu hakuwa mkali. Mwaka 1991 kampuni ya MicroProse ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Civilization, uliobuniwa na Sid Meier akisaidiana na Bruce Shelley. Mchezaji huanza na walowezi wachache mwaka 4000 kabla ya Kristo, akajenga miji, akavumbua maandishi na gurudumu, akapigana au akapatana na jirani zake, hata mwisho akapeleka chombo kwenye nyota ya Alpha Centauri. Ni mchezo wa zamu, kama bao: wewe unacheza, kisha unangoja wenzako wacheze. Toleo la kwanza lilikuwa la MS-DOS, na MS-DOS iliuachia mchezo uingie stoo wenyewe, uishike kadi ya picha na kadi ya sauti moja kwa moja. Faida yake ilikuwa kasi. Hasara yake ni kwamba mtengenezaji alilazimika kuijua kila aina ya kadi, na mchezaji naye alihangaika kuipanga kumbukumbu ya kawaida isiyozidi kilobaiti 640. Kuupeleka mchezo huo kwenye kompyuta za Amiga, Atari ST na Macintosh kulihitaji matoleo mengine kabisa.

Agosti 1995 ilitoka Windows 95, na mwezi uliofuata ikatoka DirectX, yaani lugha moja ya kuombea picha na sauti. Watengenezaji walipata nafuu kubwa, kwani hawakulazimika tena kuijua kila kadi. Lakini lugha hiyo ilikuwa ya Windows peke yake. Lugha nyingine ya picha, OpenGL, ilikuwapo tangu 1992, nayo ilieleweka katika mifumo mingi. Ikabidi kuchagua, na wengi wakachagua DirectX kwa kuwa wanunuzi wengi walikuwa upande wa Windows. Hapo ndipo mzizi wa swali la kijana wetu ulipo.

Wala tusidhani kwamba mwenye Windows yu salama siku zote. Civilization II ilitoka mwaka 1996, ikiwa imeandikwa kwa ajili ya Windows 3.1, ambayo programu zake zilikuwa za biti 16. Baadaye zikaja Windows za biti 64, nazo haziziendeshi kabisa programu za biti 16. Basi toleo lile la kwanza likakataliwa na wajukuu wa mfumo lililozaliwa nao. Lilikuwa halijaharibika hata kidogo, ila lugha yake ilikuwa imeachwa.

Mwaka huo huo wa 1996, mwezi Januari, wanafunzi 3 wa Chuo Kikuu cha Aarhus huko Denmark walitoa mchezo wao waliouita Freeciv, wakifuata wazo la Civilization lakini wakiandika msimbo wao wenyewe kwa mashine za Unix zilizokuwa chuoni. Vijana, hapa nawaomba msome polepole. Wanafunzi wale waliugawa mchezo sehemu mbili: sehemu moja inatunza sheria na hesabu, na nyingine inachora ramani na kupokea amri za mchezaji. Kwa hiyo aliyetaka kuupeleka kwenye mfumo mwingine hakugusa sana sheria. Kazi yake kubwa ilikuwa kwenye sehemu ya kuchora. Pili, waliuweka msimbo wazi kwa leseni ya GPL, ili mtu yeyote ausome, aurekebishe, na awagawie wengine. Wao walimaliza masomo wakaendelea na maisha yao. Mchezo ukapokewa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, na hadi leo unachezwa kwenye Linux, kwenye Windows na kwingineko.

Kwa michezo ambayo msimbo wake umefungwa, zilipatikana njia mbili. Ya kwanza ni kuutengeneza mchezo upya kwa mfumo mwingine kwa idhini ya mwenye nao. Kampuni ya Loki ya Marekani ilifanya hivyo mwaka 1999 ilipotoa Civilization: Call to Power kwa Linux. Kazi ilisifiwa, lakini wanunuzi hawakutosha, na mwanzoni mwa 2002 Loki ikafunga milango. Njia ya pili ni kumweka mkalimani. Kazi hiyo ilianza mwaka 1993 kwa programu iitwayo Wine, inayoyapokea maombi ya lugha ya Windows na kuyajibu kwa lugha ya Linux. Toleo lake la 1.0 lilitoka Juni 2008, baada ya miaka 15. Agosti 2018 kampuni ya Valve ikatoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine pamoja na kipande kiitwacho DXVK, kinachoigeuza lugha ya picha ya DirectX kuwa Vulkan, lugha ya picha iliyotolewa mwaka 2016.

Sasa nalijibu swali. Wine haiigi prosesa. Hesabu za mchezo hupita moja kwa moja, hazitafsiriwi. Kwa hiyo katika mchezo wa zamu, ambao muda mwingi huenda katika kukokotoa hatua za wapinzani, mkalimani hapunguzi kasi kwa kiasi kikubwa. Gharama yake huonekana zaidi kwenye picha, na hapo mambo hutegemea draiva, yaani programu inayokiongoza kifaa cha picha. Draiva ikiwa dhaifu kwenye Linux, mchezo utasuasua huko. Draiva ikiwa nzuri, na mfumo wenyewe ukiwa haujaijaza kumbukumbu kwa shughuli zake, laptopu ile ile yaweza kwenda vizuri kuliko ilivyokwenda kwenye Windows. Tena toleo lililotengenezwa kwa haraka kwa ajili ya Linux, kisha likaachwa bila matengenezo, laweza kushindwa na toleo la Windows linalopitia kwa mkalimani hodari.

Upande wa Apple habari ni nyingine. Mwaka 2006 Apple ilianza kuhamia kwenye prosesa za Intel, ikaweka mkalimani wa programu za zamani aliyeitwa Rosetta, kisha mwaka 2011 ikamwondoa. Oktoba 2019 macOS Catalina ikakataa programu zote za biti 32, na michezo mingi ikanyamaza kwa siku moja. Novemba 2020 zikaja kompyuta zenye prosesa ya M1, ambazo zinahitaji amri zenyewe za prosesa zitafsiriwe, si maombi tu. Hiyo ni kazi nzito zaidi, ingawa prosesa yenyewe ina nguvu ya kuibeba.

Mwendo wa historia waweza kuonekana kwa mfano mmoja. Civilization V ilitoka kwenye Windows mwaka 2010, na watu wa Linux waliingoja hadi 2014. Civilization VII ilitolewa tarehe 11 Februari 2025 kwa Windows, macOS na Linux siku moja.

Sasa nalitaja deni langu.

Miaka kadhaa iliyopita kamati ya wahitimu ilinituma kuzikagua laptopu za msaada zilizokuwa maktaba ya shule. Niliziwasha, zikachukua muda wa kupika chai kabla ya kufunguka. Nikajaribu mchezo mmoja wa mbinu ambao wanafunzi waliupenda. Ukakwama, na feni zikalia kama mashine ya kusaga. Nikaandika katika taarifa yangu neno moja: "Hazifai." Zikauzwa kama chakavu. Moja tu niliinunua mwenyewe, nikaiweka kabatini.

Baada ya swali la kijana yule niliitoa kabatini. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka. Mjukuu wangu alinisaidia kuiwekea Linux ya aina nyepesi. Ikafunguka kabla maji hayajachemka. Freeciv ikaenda bila kusita, isipokuwa mwisho wa mchezo, dunia ilipokuwa imejaa miji na kila zamu ikahitaji subira. Nilijaribu pia michezo 3 ya zamani ya Windows kwa kupitia Wine: mmoja ulikwenda vizuri, wa pili ulikwenda bila sauti, wa tatu ulikataa kabisa. Basi sisemi kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Nasema tu kwamba mashine ilikuwa nzima. Nilizihukumu laptopu zile kwa kosa lisilokuwa lao, na wanafunzi wa miaka ile wakakaa bila kompyuta kwa neno langu. Nawaomba radhi.

Neno hilo laweza kuandikwa tena kwa wepesi sana. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Zitaletwa mbele ya kamati nyingi kama wagonjwa wasio na tiba. Kabla hamjaandika lolote, ndugu zangu, fanyeni jaribio hili. Washeni laptopu kwa Linux iliyo kwenye kifaa cha USB, bila kuifuta diski. Hakikisheni draiva ya picha ni ile inayofaa. Fungueni mchezo ule ule, kwenye ramani ile ile iliyohifadhiwa, mpime kwa saa muda wa zamu moja katika kila mfumo. Kisha amueni.

Kwa mkutano wa mwaka huu naleta hoja mbili. Kwanza, laptopu zitakazotolewa na wahitimu zikaguliwe na wanafunzi wenyewe wa klabu ya kompyuta, nasi wazee tuwe washauri tu. Pili, fedha zitakazookolewa zinunue kumbukumbu na diski mpya kwa zile zinazoweza kuendelea.

Nasikia mwembe ulikatwa walipopanua jiko, na mashimo yetu yamo chini ya sakafu. Hata hivyo tukikutana mwaka huu nitaleta komwe zangu, na kijana yeyote mwenye kijiti achimbe. Sheria tunazo sote kichwani.

Tukutane, tukijaliwa.