Dripu ya haraka kwa mtoto mahututi: Utafiti uliogeuza somo la madaktari

Mtoto anachemka homa, mikono na miguu ni ya baridi, anapumua kwa shida. Kwa miaka mingi, daktari wa dharura alifundishwa kutundika dripu na kuyaachia maji yaingie mengi na upesi.

Mwaka 2011 utafiti uliofanyika Afrika Mashariki ulionyesha kuwa kwa watoto wengi wa aina hiyo, haraka hiyo inaua.

Utafiti gani?
Unaitwa FEAST. Ulihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri, katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Baadhi walipewa maji mengi ya haraka, ya chumvi au ya albumini. Wengine walipewa maji ya kawaida ya polepole. Wote walipata dawa na matibabu mengine waliyohitaji.

Matokeo yake?
Ndani ya saa 48, walikufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi. Kwa wale wa polepole ilikuwa asilimia 7.3. Yaani katika kila watoto 100, watatu zaidi walikufa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

Wengi walidhani mapafu yalijaa maji. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kazi.

Na watu wazima?
Zambia ilijaribu jambo linalofanana kwa watu wazima 212 wenye maambukizi makali ya damu na presha iliyoshuka. Matokeo yalitoka 2017. Waliopewa maji mengi mapema, pamoja na dawa za kupandisha presha na damu kwa waliohitaji, walikufa asilimia 48.1. Waliotibiwa kwa njia ya kawaida, asilimia 33. Wengi wao walikuwa na VVU.

Mafunzo yamebadilikaje?
Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilirekebisha mwongozo wake. Sasa daktari hutafuta dalili tatu kwa pamoja: mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu yanayokwenda mbio, na ngozi inayochukua zaidi ya sekunde tatu kurudisha rangi ikibonyezwa. Zikiwepo zote, maji hutolewa kwa kipimo, mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito, kwa dakika 30 hadi 60, huku mtoto akiangaliwa.

Tanzania nayo ilianza kusomesha madaktari bingwa wa tiba ya dharura mwaka 2010, Muhimbili, kwa miaka mitatu.

Je, dripu ni mbaya?
Hapana. FEAST haikuhusu watoto wenye kuhara, utapiamlo mkali wala walioungua. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara bado anahitaji maji, tena bila kuchelewa.

Ndugu wa mgonjwa huuliza, "Mbona hajatundikiwa dripu?" Siku hizi daktari akisita kidogo, akashika mapigo na kubonyeza ngozi kwanza, si uzembe. Huenda hapo ndipo anapomwokoa.