Mtoto wa Moshi Aliyeitungia Somalia Wimbo wa Taifa

Mhariri wa jarida letu aliponitaka niandike makala ya historia, nilikusudia kueleza habari za taarabu ya kwetu Unguja, ingawa wazee wengi wa chama chetu wanaijua kuliko mimi. Safari moja ya kikazi ikanigeuza nia. Nilikwenda Arusha kuhudhuria kikao kimoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, muda si mrefu baada ya Somalia kuwa mwanachama kamili mwezi wa Machi 2024. Wakati wa chai nilikaa na mjumbe mmoja wa Kisomali, na mazungumzo yakatufikisha kwenye nyimbo za taifa. Akaniambia, "Wetu sisi katunga mtu aliyezaliwa hapo kwa jirani yenu, Moshi."

Nilidhani ananitania. Mimi nimesoma historia hadi chuo kikuu, na jina hilo sikupata kulisikia wala skuli wala chuoni. Niliporejea Mpendae nikaanza kusoma, na nimekuta kwamba mjumbe yule alisema kweli.

Mtu mwenyewe ni Abdullahi Qarshe. Alizaliwa Moshi mwaka 1924, katika familia ya Kisomali, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza. Baba yake alipofariki, familia ilihamia Aden, naye yungali mtoto. Aden ya siku hizo ilikuwa bandari ya Waingereza iliyojaa watu wa kila namna, na santuri za Kiarabu, za Kihindi na za Kizungu zilisikika mitaani. Wasomali walikuwa wengi pale, lakini nyimbo zao zilizopigwa kwa ala hazikuwepo. Jambo hilo lilimkera kijana yule. Akajifunza kupiga udi. (Vijana msije mkadhani ni udi wa kufukiza, ni ala ile ile ya nyuzi iliyo nguzo ya taarabu yetu.)

Baada ya Vita Vikuu vya Pili alikwenda Hargeisa, mji mkuu wa Somalia ya Kiingereza. Alikuta upepo mpya umeanza kuvuma. Dereva mmoja wa lori aitwaye Abdi Sinimo alikuwa amezusha namna fupi ya wimbo wa mapenzi iliyoitwa balwo. Jina hilo lina asili moja na neno letu balaa, na masheikh wengi waliona kuwa ni balaa kweli, wakaipinga vikali. Balwo ilipokua na kurefuka ikaitwa heello. Kazi aliyoifanya Qarshe ni kuzitia nyimbo hizo udi, na kwa sababu hiyo anahesabiwa kuwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali pamoja na dereva yule. Wimbo wake wa kwanza mashuhuri, wa mwaka 1948, haukuwa wa mapenzi hata kidogo. Uliwaita watu waamke.

Hapa ndipo redio inapoingia, na hapa ningependa tutue kidogo.

Mwaka 1943, katikati ya vita, Waingereza walifungua Hargeisa kituo kidogo kilichoitwa Radio Kudu, ambacho baadaye kilipata jina la Radio Hargeisa. Qarshe alikuwa miongoni mwa watu waliokifanya kituo hicho kiwe na sauti ya wenyeji, kwa kutunga, kupiga na kuimba. Sasa fikirini jambo hili. Sisi Waswahili tumekuwa tukiandika tenzi zetu kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na baadaye kwa herufi za Kilatini. Kisomali hakikupata maandishi rasmi mpaka mwaka 1972. Kwa hiyo katika miaka yote ambayo Qarshe alikuwa akitunga kwa nguvu zake zote, hapakuwa na gazeti la Kisomali ambalo mchungaji wa ngamia angeweza kulisoma, wala kitabu cha mashairi cha kununua dukani. Palikuwa na kumbukumbu za watu, na palikuwa na redio. Shairi lililoimbwa studioni jioni liliweza kukaririwa kesho yake kwenye kisima cha kunyweshea wanyama, mbali na mji, na watu ambao hawakupata kumwona mtungaji.

Na mashairi hayo yalibeba mambo. Mwaka 1954 Uingereza ilitia saini mkataba na Ethiopia, na mwaka uliofuata malisho ya Haud yakawa chini ya Ethiopia. Wasomali waliona wameibiwa ardhi. Hargeisa likazuka kundi la wasanii lililoitwa Walaalo Hargeysa, yaani ndugu wa Hargeisa, na Qarshe akiwemo. Katika nyimbo za wakati ule msikilizaji husikia habari za mwanamke mzuri aliyepotea au aliyechukuliwa na mtu mwengine, na aliyezaliwa Unguja hahitaji kuelezwa mafumbo ni nini. Mwanamke ni nchi. Sidhani kama maofisa wa kikoloni hawakuelewa kabisa, lakini ni vigumu kumfunga mtu kwa kumlilia mpenzi wake.

Patrice Lumumba alipouawa Januari 1961, Qarshe alimtungia wimbo uliopendwa sana. Mtu wa Hargeisa akimlilia Mkongo, kwa lugha ambayo Mkongo haijui!

Wimbo uliompa makaazi katika historia ni Qolobaa Calankeed, maana yake kwa ufupi ni kwamba kila taifa lina bendera yake. Aliutunga katika shangwe za uhuru, Somalia ya Kiingereza ilipopata uhuru tarehe 26 Juni 1960 na kuungana na ile ya Kiitaliano tarehe 1 Julai. Bendera inayosifiwa ni ile ya buluu yenye nyota nyeupe ya pembe tano, kila pembe ikiwa ni sehemu moja ya ardhi walimokaa Wasomali.

Yaliyofuata mnayajua. Jeshi lilipindua serikali mwaka 1969. Mwaka 1988 Hargeisa ilipigwa mabomu na ndege za serikali yake yenyewe, mji ukabaki magofu. Wafanyakazi wa redio na wapenzi wa muziki walizitoa kanda za nyimbo kituoni, nyengine wakazifukia ardhini, nyengine wakazivusha mpaka. Kwa ajili ya watu hao sauti za miaka ile zinasikika hadi leo. Nakiri kwamba kila ninapopita Raha Leo, ambako Sauti ya Unguja ilikuwa ikisikika tangu miaka ya hamsini, huzikumbuka kanda hizo.

Qarshe alifariki London mwaka 1994, nchi yake ikiwa haina serikali. Mwaka 2012 Somalia ilipopata katiba mpya ya muda, Qolobaa Calankeed ukafanywa wimbo wa taifa, miaka kumi na minane baada ya mtungaji kuzikwa. Lakini Hargeisa, mji uliomlea na wenye redio yake, ni mji mkuu wa Somaliland, iliyojitangazia uhuru wake mwaka 1991 na kuchagua wimbo mwengine. Hivyo wimbo wake ni wa taifa Mogadishu, na si wa taifa katika mji wake mwenyewe. Sijui yeye angesema nini.

Kabla hatujaachana pale Arusha, mjumbe yule aliniuliza kama Moshi ipo barabara au skuli iliyopewa jina la Qarshe. Sikuwa na jibu. Niliwauliza wenzangu wawili wa kazini waliozaliwa Kilimanjaro, na wote wawili jina hilo ndiyo kwanza walilisikia kwangu.