Lupiya na Mpiya: Sarafu Nilizozipata Bariadi katika Mwaka Mmoja



Wiki mbili zilizopita mwanafunzi mmoja alinisimamisha nje ya maktaba akaniuliza iwapo ni kweli kwamba mhadhara huu utahusu rupia. Nilipomjibu kuwa ni kweli, alisogea karibu, akashusha sauti: “Shikamoo tena, Profesa. Hizo ulizo nazo zinavuta mchele?” Wale ambao hawajaishi Kanda ya Ziwa wataona swali hili ni la ajabu. Wapo watu wanaoamini kwamba rupia ya Mjerumani iliyo halisi huvuta punje za mchele kama sumaku ivutavyo msumari, na kwamba yupo tajiri mahali fulani aliye tayari kuinunua kwa mamilioni. Kwa imani hiyo watu wametapeliwa, na mashamba yamechimbwa mashimo. Nilimjibu kwamba nimejaribu, na mchele haukusogea.

Hata hivyo, rupia huvuta kitu kingine, nacho ni maneno. Hilo ndilo ninalokusudia kulionyesha jioni hii, kwa kutumia sarafu chache kati ya zile nilizozipata katika safari zangu nne za Bariadi mwaka uliopita. Nilizaliwa huko, wakati ambapo Bariadi ilikuwa sehemu ya Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, nami hurudi kila nipatapo likizo. Mke wangu huniuliza ninakwenda kuwasalimu ndugu au kununua vyuma.

Wako watakaouliza kwa nini sikuanzia Kilwa, ambako watawala walianza kutoa sarafu zao karne nyingi kabla ya rupia. Swali ni la haki. Sarafu za Ali bin al-Hasan, za karne ya 11, zina jambo la kumfurahisha mwanaisimu yeyote: maneno ya Kiarabu ya upande mmoja yana vina na yale ya upande wa pili, hata mtu akiigeuza sarafu mkononi anakuwa kama anakamilisha ubeti. Sarafu za Kilwa zimeokotwa mbali sana na Kilwa. Moja ilipatikana Zimbabwe Kuu, na tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Lakini katika kisanduku changu hamna sarafu ya Kilwa, wala haitakuwamo. Vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na mahali pake ni makumbusho. Mimi ninajishughulisha na vile vilivyokuja baadaye, ambavyo watu bado wanavyo katika makasha ya nguo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Dutwa nilikaribishwa na mama mmoja mwenye umri mkubwa, aliyekuwa na rupia ya fedha iliyotobolewa na kutiwa kipete ili ivaliwe shingoni. Upande mmoja kulikuwa na sura ya Malkia Victoria, na upande wa pili mwaka 1885. Ilikuwa rupia ya Uhindi. Nilimuuliza, “Mayu, hii ninyi mnaiitaje?” Alinitazama kwa huruma, kama mtu amtazamavyo mtoto aliyesahau jina la baba yake. “Hii moja ni lupiya, mwanangu. Zikiwa nyingi ndiyo mpiya.”

Kila Msukuma hapa ukumbini anajua kwamba mpiya ni fedha, za aina yoyote, za noti au za sarafu. Wanyamwezi nao wanalo neno hilo. Lakini umoja wake, lupiya, sikuwa nimewahi kuusikia ukitamkwa na mtu asiyeulizwa kuhusu sarufi. Tazameni kilichotendeka. Neno rupia lilipoingia katika Kisukuma, r ikawa l kama ilivyo desturi, na silabi ya kwanza ikasikika kama kiambishi lu- cha ngeli ya 11, ileile ambayo katika Kiswahili imebaki u-. Msemaji hakuliona neno la kigeni lisilogawanyika. Aliliona neno lenye kiambishi na mzizi, -piya, kisha akaliundia wingi kwa kanuni ya lugha yake: kiambishi lu- kikaondoka, nazali ikachukua nafasi yake, tukapata mpiya. Ni kanuni ileile itupatiayo mbao kutokana na ubao na ndimi kutokana na ulimi. Na kwa kuwa fedha hutajwa kwa wingi zaidi kuliko kwa umoja, wingi ukashinda, umoja ukabaki vinywani mwa wazee. Leo ukimwambia kijana wa Bariadi mjini kwamba mpiya ni neno la Kihindi, atakucheka.

Hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka 20 nimewafundisha wanafunzi kwamba mpiya ililetwa Usukumani na kodi ya Wajerumani. Hoja ilionekana timamu. Kuanzia mwaka 1898 serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya nyumba, rupia tatu kwa nyumba ya kawaida ya shambani, na mtu anayedaiwa kitu hujifunza jina lake upesi. Lakini rupia ya mama yule ilitoka kiwandani miaka mitano kabla Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki haijatoa rupia yake ya kwanza, mwaka 1890. Tena Kampuni hiyo haikubuni jina wala kipimo. Rupia yake ilikuwa na uzito uleule wa rupia ya Uhindi, takriban gramu 11.66, kwa sababu hiyo ndiyo fedha ambayo wafanyabiashara wa pwani waliizoea. Na Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa misafara ya pwani kwa vizazi kadhaa kabla Mjerumani hajaonekana.

Je, sarafu moja inatosha kuthibitisha kwamba neno lilitangulia kodi? Haitoshi, na ningependa wanafunzi waliandike hili. Mwaka ulioandikwa juu ya sarafu hutuambia tu kwamba haikuwapo kabla ya hapo. Hautuambii ilifika lini kijijini. Rupia ya 1885 ingeweza kabisa kufika Dutwa mwaka 1910 katika mfuko wa mchuuzi wa nguo. Ninachoweza kusema kwa uadilifu ni kwamba nilikuwa na uhakika nisiostahili kuwa nao.

Sarafu ya pili ni ya shaba, nyeusi kwa umri: pesa moja ya Kampuni hiyohiyo, ya mwaka 1890. Pesa 64 zilifanya rupia moja, na jina lenyewe ni paisa ya Uhindi. Upande mmoja kuna tai wa Kijerumani, na upande wa pili kuna maandishi ya Kiarabu yanayotaja Kampuni ya Ujerumani, pamoja na mwaka wa Hijra, 1307. Kampuni ilijua ni nani angeisoma. Kiswahili cha wakati ule kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mfanyabiashara wa Bagamoyo asingeiamini shaba isiyosomeka. Miaka 14 baadaye serikali ya kikoloni ilichukua kazi ya kutoa sarafu, ikaigawa rupia katika sehemu 100 badala ya 64, na kila sehemu ikaitwa Heller. Katika sarafu hizo mpya herufi za Kiarabu hazimo tena. Ni taji, nchi, mwaka na thamani, vyote kwa Kijerumani. Wakati huohuo shule za serikali zilikuwa zikifundisha Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Anayetafuta historia ya hati zetu anaweza kuishika kiganjani.

Kuhusu hela yenyewe sina haja ya kusema mengi, maana ninyi nyote mnazo, au mnazitafuta. Sarafu ya Heller ilitolewa kwa muda usiozidi miaka 13. Hata hivyo, Mtanzania wa bara husema hela kila siku, ilhali Mkenya husema pesa, na mpaka uliochorwa Ulaya bado unasikika sokoni. Kati ya hela nilizozipata, niipendayo kuliko zote ndiyo mbaya kuliko zote: Heller 20 ya mwaka 1916, ya shaba nyeupe iliyopigwa shaghalabaghala, yenye herufi T chini ya taji. T ni Tabora. Meli za Ujerumani zilikuwa zimezuiwa baharini, sarafu zikaadimika, na karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha, kikitumia hata maganda ya risasi. Hapohapo zilipigwa rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Hizo wenye mifuko mirefu huziwania minadani Ulaya, nami ninawaachia. Mwezi Septemba mwaka huo Wabelgiji waliingia Tabora, na kazi ikaishia hapo.

Waingereza walikuja na shilingi mwaka 1921, na senti zenye tundu katikati. Tundu lile lilimfaa mtu asiye na mfuko, kwani angeweza kuzitunga senti zake katika uzi. Nilipata uzi mzima wa senti kumi kumi, na mojawapo ina jina la Mfalme Edward wa Nane na mwaka 1936. Mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba, na nchini kwake hakuna sarafu yenye sura yake iliyoingia katika matumizi ya kawaida. Yetu ilitoka kwa sababu tundu halikuacha nafasi ya sura. Wala si adimu. Muuzaji aliniongezea bure.

Senti 50 yenye simba, ambayo kwetu huitwa sumuni, ina hesabu nzuri zaidi. Kiswahili sanifu ni thumni, yaani sehemu ya nane. Lakini senti 50 ni nusu ya shilingi, si thumuni ya chochote! Siri imo katika riale, ile fedha kubwa ya Maria Theresa iliyoandikwa mwaka 1780 daima. Riale ilikuwa na thamani ya takriban rupia mbili. Rupia ilipobadilishwa ilihesabiwa shilingi mbili, kwa hiyo riale ni kama shilingi nne, na thumuni yake ni senti 50. Mkulima wa pamba wa Maswa aliyetaja sumuni miaka ya 1950 alikuwa akigawanya kwa nane fedha ambayo yeye mwenyewe pengine hakupata kuiona.

Na hatimaye ipo senti 50 ya mwaka 1966, yenye sungura, mwaka ambao Benki Kuu yetu ilianzishwa. Haina thamani kwa mkusanyaji. Imeandikwa SENTI HAMSINI, kwa maneno, wakati Kenya na Uganda katika mwaka huohuo waliandika kwa Kiingereza. Nilikuwa mtoto. Sarafu za Waingereza tulizitambua kwa simba na pembe za ndovu, si kwa maandishi, hii tuliisoma.

Mtakuwa mmeona kwamba rupia ya mama yule haimo mezani hapa. Hakuiuza, nami sikumshurutisha. Niliipima, nikaipiga picha pande zote mbili, nikarekodi maneno yake. Niliporudi mwezi Novemba nilikuta amefariki. Mjukuu wake alinieleza, bila kuficha, kwamba rupia ilikuwa imeuzwa kwa sonara, ikayeyushwa pamoja na bangili mbili. Ilisaidia gharama za arobaini.

Wanafunzi watokao Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, likizo inaanza baada ya wiki tatu. Ulizeni nyumbani kama yupo anayesema lupiya kwa umoja, bila kumtangulizia neno. Andikeni umri wake, kijiji chake, na, kama sarafu ipo, mwaka uliomo juu yake. Ofisi yangu iko wazi kila Jumanne asubuhi.