Makonyo: Mabaki Yenye Mafuta

Hapa Majengo karafuu haitafutwi. Iko kwa pilau, iko kwa kahawa tungu, na iko kwa jino la yule ambaye hajapata pesa ya daktari. Kile hatukioni ni konyo, kijiti kinachoishikilia karafuu mtini. Tangu niache chuo nimekuwa nikifuatilia vitu vidogo kama hivyo, na hiki kilinipeleka kwa historia ya Pemba.

Mikarafuu ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said akaeneza mashamba, lakini waliopanda na kuchuma ni watumwa. Mwaka wa 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba iliumia kidogo, ikawa ndiyo ghala. Utumwa ulipigwa marufuku 1897, ila kazi ilibaki ile ile ya mikono: panda mti, chuma shada, kaa chini uchambue. Karafuu huku, makonyo kule.

Karafuu ilikuwa na bei, makonyo bei yake ilikuwa ndogo. Kuna wafanyabiashara waliyasaga na kuyachanganya na karafuu ili wamdanganye mnunuzi. Na udanganyifu huo uliwezekana kwa sababu konyo lina mafuta yale yale, ila machache: karibu asilimia 6 ya uzito wake, wakati karafuu ina 15 kwenda juu. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli. Ndiyo inayotia jino ganzi, na ndiyo inayochelewesha mafuta ya chakula kuvunda. Kazi hiyo ya pili ndiyo inayoipa jina la antioksidanti.

Huko Wawi, karibu na Chake Chake, shirika la biashara la serikali, ZSTC, lina kiwanda cha makonyo. Mvuke unapitishwa kwenye makonyo, unabeba mafuta, kisha unapozwa. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hivyo yanazama na kukingwa chini.

Kwa nini ujisumbue na vijiti? Kwa miaka mingi Indonesia ilinunua karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake. Ilipojitosheleza kwa mashamba yake, soko likaporomoka. Anayeuza kitu kimoja tu, kikiwa kikavu na kwenye gunia, hana pa kukimbilia.

Sisi majirani wa Gikomba tunajua mabaki hulisha watu. Swali langu ni moja: yule mama anayechambua chini ya mkarafuu, bei ya chupa inamfikia?