Bano Arobaini na Tatu

Shosho alipolazwa mwaka jana na bili ikaanza kupanda, binamu yangu alirusha picha kwenye grupu ya familia. Bano moja ya kioo, ina utepe wa dhahabu ndani, imeuzwa huko Marekani kwa pesa ambayo ingelipa wodi yote na nauli ya kurudi ibaki. Chini akaandika: "Si Anko ana mkebe mzima?"

Ni kweli. Mjomba ana mkebe wa Kimbo wenye bano 43 alizowashinda watoto wenzake miaka hiyo. Mimi nikapewa kazi ya kuzichunguza, eti kwa sababu ndiye napenda mambo ya kale. Jumamosi nikaenda kwake, nikazimwaga juu ya taulo mezani. Yeye akakaa pembeni na chai yake, hasemi kitu.

Kwanza nikaondoa jicho la paka. Unaijua: kioo cheupe unachoweza kuona ndani yake, na katikati jani la rangi kama mboni ya paka. Kwenye taulo zilikuwa 36. Hizi ndizo bano ambazo wengi wetu tulicheza, na hazina historia ndefu vile. Viwanda vya Japani ndivyo vilivyozisambaza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zikafurika Marekani miaka ya 1950 kwa bei ya kutupa, mpaka viwanda vya kule vikaanza kuziiga. Kwa hivyo mtu akikuapia jicho lake la paka ni la babu ya babu yake, mwambie asante, songa mbele.

Tatu zilikuwa za rangi moja tu, nzito kama maziwa. Mbili zilikuwa za chuma, nitazirudia. Moja ilikuwa na rangi ya maji ya bwawa, bila urembo wowote, kama zile za chupa za soda za zamani. Mwingereza Hiram Codd alipata hataza yake mwaka 1872: badala ya kizibo, chupa ilikuwa na bano shingoni, na gesi ya soda yenyewe ndiyo iliyoisukuma juu ikaziba. Watoto walizivunja hizo chupa ili watoe bano, jambo ambalo wenye viwanda hawakulifurahia hata kidogo. India bado wanauza soda hiyo.

Ikabaki moja. Kubwa kidogo kuliko wenzake, nyuzi nyeupe zimesukwa katikati kama wavu, na nje yake mistari myekundu na ya buluu inajipinda kutoka ncha moja hadi nyingine. Nikaizungusha kwa kidole polepole. Kwenye ncha moja nikahisi kitu kinakwaruza. Ncha ya pili, vilevile.

Manze, moyo uliruka. Hilo kovu ndilo kila mkusanyaji hutafuta kwanza, na linatoka mbali: Lauscha, mji mdogo wa milimani Thuringia, Ujerumani, ambako watu wamefanya kazi ya kioo tangu karakana ya kwanza ilipojengwa mwaka 1597. Ndiko yalikotoka pia mapambo ya kioo ya mti wa Krismasi, na macho ya bandia. Miaka ya 1840 fundi mmoja wa huko, Elias Greiner, alibuni mkasi wa ajabu: upande mmoja kikombe, upande wa pili wembe. Fundi alichukua kioo kilichoyeyuka, akakitandazia nyuzi za kioo cha rangi, akafunika tena kwa kioo safi, kisha akakivuta na kukisokota kiwe fimbo ndefu. Ncha ya fimbo aliitia kwenye kikombe, akazungusha hadi iwe mviringo, akakata. Anapasha moto tena, anazungusha, anakata. Pale wembe ulipopita pakabaki kovu. Bano ya kwanza kwenye fimbo ina kovu moja. Zinazofuata zina mawili.

Nyingine za Lauscha zina rangi iliyotandazwa kama ganda la kitunguu, nyingine zina kisanamu cheupe ndani: mbwa, kondoo, ndege. Ile ya kwenye picha ya binamu, yenye "dhahabu", ni chembe za shaba tu. Wakusanyaji huziita Lutz, jina la fundi Nicholas Lutz aliyefanya kazi Marekani, ingawa bano zenyewe zilitengenezwa Ujerumani. Jina likishaganda, basi.

Viputo vya hewa usiviamini, hata bano ya juzi inavyo. Nilijaribu pia ile taa ya zambarau ya kukagulia noti feki, kwa sababu kioo chenye urani huwaka kijani chini yake. Ya mjomba haikuwaka. Haidhuru, nyingi za Lauscha haziwaki.

Sasa zile za chuma. Mjomba alizitoa kwenye beringi ya lori. Kiswahili hakisumbuki: ya kioo ni gololi, ya beringi ni gololi. Na kumbe historia nayo haikuzitenganisha. Mtu aliyeua kazi ya mkono ya Lauscha alikuwa Martin Christensen, mzaliwa wa Denmaki aliyeishi Akron, Ohio, na kabla ya kioo alikuwa fundi wa gololi za beringi. Mwaka 1905 alipata hataza ya mashine ya kuviringisha kioo cha moto kati ya magurudumu yenye mifereji. Mfanyakazi bado alibeba kioo kwenye ufito na kukidondosha, mwingine akakata, mashine ikamaliza. Ndiyo maana bano zake nyingi zina mstari uliojipinda kama tarakimu 9 juu, na mkia chini. Hazina kovu.

Vita vya 1914 vikakata meli za Ujerumani. Christensen mwenyewe alikufa mwaka 1915, na kampuni yake ikafunga 1917 kwa kukosa gesi. Lakini Akro Agate, iliyoanza mwaka 1911 kwa kuuza bano zake, ilikuwa imeshahamia West Virginia na inajitengenezea zake, na nembo ya kunguru aliyebeba bano. Miaka ya 1920 kioo kikawa kinatiririka kutoka tanuru hadi mashine bila mkono wa mtu. Fundi wa mkasi angeshindana na nini hapo?

Basi ya mjomba ni ya kabla ya hayo. Nilimuuliza aliipata wapi. Akasema kwa kijana ambaye mama yake alikuwa akifanya kazi kwa nyumba ya mzungu, Nakuru.

Nikaingia mtandaoni kutafuta bei, na hapo ndipo pumzi ilinitoka. Bano ya kale inauzwa kwa ngozi yake. Isiyo na mkwaruzo ni mali. Yenye mapengo, hata kama ni ya Lauscha kabisa, inashuka hadi bei ya chakula cha mchana. Ya mjomba ina alama saba za mwezi mchanga, zile zinazobaki kioo kikigongwa, na pengo moja kubwa. Kuna watu huzisugua upya zing'ae, lakini macho ya wakusanyaji yanajua, na bei inashuka zaidi. Mimi naona ni hesabu ya ajabu: wanalipa zaidi kwa bano ambayo hakuna mtoto aliyeicheza. Lakini soko si langu.

Niliandika kwenye grupu kwamba hakuna kitu. Binamu akaweka kiemoji cha kulia. Bili tulilipa kwa mchango, kama kawaida yetu, na shosho akarudi nyumbani akilalamikia uji wa wodi.

Nilimwonyesha mjomba lile pengo, nikamweleza kwamba hilo ndilo limetukosesha pesa. Akaweka kikombe chini, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hapo ndipo nilimla," akasema. "Yule kijana alikuwa amebaki na hiyo peke yake, hataki kuicheza. Tukambishia hadi akaiweka chini." Akainua moja ya zile za chuma kutoka kwenye taulo, akaibana kati ya kidole na gumba kama mtoto wa miaka tisa. "Niliipiga na hii."